Bibi Alikuwa Amekaa

Bibi yangu alikuwa amekaa. Naanza na hilo kwa sababu mahakama ilichukua mwaka na miezi, mafaili mawili mazito, trafiki mmoja, daktari mmoja na wakili mwenye viatu vinavyolia, na mwisho wake ikashindwa kuliandika. Mie naliandika bure, kwa kalamu ya skuli, nyuma ya daftari la bailojia ambalo hata hivyo lilikuwa tupu.

Alikuwa amekaa kwenye kibao chake chini ya jumba letu la Michenzani, pembeni ya barabara, mahala pale pale alipokaa tangu mama yangu hajaolewa. Mbele yake seredani ya makaa, juu ya seredani karai la mafuta, ndani ya karai badia za kunde. Kulia kwake nilikaa mimi na sare yangu ya skuli, nafunga badia kwenye magazeti na kuwaiga wateja wakishageuza mgongo. Bibi alikuwa akinikataza huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Nilikuwa nimo katika kumwiga bwana mmoja anayenunua badia nne na kuomba chatne ya badia kumi, pale nilipoiona keri inakuja.

Keri ni kigari kidogo cha mizigo chenye pua fupi, kama gari iliyogonga ukuta ikaamua kubaki hivyo hivyo. Hii ilitoka Malindi bandarini, imejazwa vigae. Nilimuona dereva. Yaani niliuona utosi wake, maana uso ulikuwa umeinamia simu. Gari ikaacha lami, ikaingia kwenye vumbi, ikatujia. Iligonga seredani kwanza, halafu mguu wa kushoto wa Bibi. Karai likapindukia upande wake, na mafuta yote yakamuingia mapajani na tumboni.

Dereva alishuka analia. Hakuwa mgeni. Ni mtoto wa jirani yetu wa ghorofa ya pili, sisi tunakaa ya tano, na ndiye aliyembeba Bibi mikononi mpaka kwenye teksi huku anamwita "Bibi yangu, Bibi yangu" kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. Mimi siku ile sikumchukia. Kumchukia kulikuja baadaye, kwa awamu, kama mitihani.

Baada ya hapo watu wote wakafanya wema.

Alasiri ilikuwa inakaribia, na njia ile ndiyo inayopita wanaokwenda msikitini. Damu ni najisi. Mtu akiikanyaga, udhu na nguo vinamtia mashakani. Basi akina mama wakateremka na ndoo kutoka ghorofa zote, wakamwaga maji, wakasugua kwa fagio za chelewa, wakazoa makaa na vipande vya badia, mpaka pale mahala pakawa safi kuliko siku ya Idi. Fundi bati mmoja, katika wale wazee wanaopiga vipande vya dhumna kwenye baraza ya jumba letu, alilichukua karai lililobonyea akaligonga nyundo likarudi duara, bila ya kuombwa, ili Bibi akitoka hospitali alikute zima. Na mama yake dereva alikwenda wodini mwenyewe, akazichukua nguo za Bibi, akazifua kwa sabuni ya mche na dawa ya kutoa mafuta, akazipiga pasi, akazifukiza udi, akatuletea zimekunjwa kama za biharusi.

"Mwenyezi Mungu amlipe," Bibi alisema pale kitandani.

Trafiki alikuja na futi yake na karatasi kuchora ramani ya ajali. Mimi nilikuwa hospitali, lakini nimehadithiwa na watu watatu, na wote wamehadithia kwa fahari.

"Gari ilikuwa imesimama wapi?"

"Tushaiondosha, kamanda, ilikuwa inaziba njia."

"Damu ilikuwa wapi?"

"Tushaosha."

"Na hilo karai?"

"Lilikuwa limebonyea. Tushalinyoosha."

"Nguo za mgonjwa?"

"Zinafuliwa, utaletewa. Karibu kahawa."

Trafiki akanywa kahawa, akachora. Na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukiona, alichora alichoambiwa. Aliyekuwa karibu yake zaidi, mwenye adabu zaidi, anayemshikia ncha ya futi, alikuwa dereva.

*

Mguu ulikatwa chini ya goti. Bibi akarudi nyumbani ghorofa ya tano, kwenye jumba lisilokuwa na lifti, na tangu siku hiyo kushuka kwake ni mpaka apatikane watu wanne. Badia zikaisha. Dirisha la chumba chake linatazama jumba la mbele, kwa hiyo anaangalia watu wengine wakianika nguo.

Hayo aliyavumilia. Asilolivumilia ni maelezo ya dereva. Tulisomewa na mwendesha mashtaka, kijana mpole mwenye kesi nyingi kuliko vifungo vya shati lake. Dereva alisema kwamba yeye alikuwa barabarani kwake, na kwamba bibi kizee aliinuka ghafla akaingia njiani kuukimbilia mfuniko wa karai uliokuwa unabingirika.

"Mfuniko?" Bibi aliuliza.

"Ndivyo alivyoandika, Bi."

"Mfuniko wa karai la badia?" Akanigeukia mimi kama vile mimi ndiye niliyeandika. "Nani anafunika karai la badia? Zitalainika!"

Mie nikacheka. Mwendesha mashtaka hakucheka, na wala hakuandika. Baadaye nilimfuata kwenye ngazi nikamwambia kwamba ile ni hoja, amwite mtu yeyote anayekaanga badia Unguja nzima aulizwe kama karai lina mfuniko. Akaniambia mahakama inasikiliza wataalamu wa mambo yanayotambulikana. Nikamwambia badia zinatambulikana. Akateremka.

Bibi hakutaka dereva afungwe. Alilisema hilo mara nyingi, hata mama akachoka. "Sitaki afungwe, mtoto wa watu yule. Nnataka waandike tu kwamba nlikuwa nimekaa." Maana kwenye ngazi zetu watu walishaanza kusimuliana habari ya kizee aliyeingia barabarani, uzee jamani, macho hayaoni, na watoto wake nao wamemuachia vipi. Mtu aliyekaa mbele ya moto miaka yote ile bila ya kujiunguza hata kidole, leo anaambiwa alikimbilia mfuniko. Alitaka karatasi yenye muhuri. Alinieleza mpaka pahala atakapoitundika.

Na ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa mwilini mwake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka mafuta ya nazi kila asubuhi kabla ya skuli, kwa sababu makovu yasiposingwa yanakaza. Mapaja yote mawili kwa juu, na tumbo mpaka karibu na kitovu, ngozi imekunjamana. Chini ya hapo hapana hata tone, achilia mbali ule mguu uliokatwa. Karai liko juu ya seredani, seredani iko chini. Mtu aliyesimama barabarani angeungua nyayo, kama angeungua kabisa. Mafuta hukaa pale penye bakuli la kuyapokea, na bakuli la mtu ni mapaja yake anapokuwa amekaa.

Sasa kwa nini haikuandikwa? Kwa sababu daktari aliyempokea alikuwa mwanamme. Bibi, na mguu unaning'inia, alikamata kanga yake kwa mikono miwili akasema hafunuliwi. Daktari akaushughulikia mguu, maana mguu ndio uliokuwa unataka kumuua. Nesi wa kike ndiye aliyemuosha na kumfunga yale mengine baadaye, nyuma ya pazia. Na kwenye fomu ya polisi daktari aliandika mfupa kwa urefu, halafu chini kabisa: "na majeraha ya kuungua". Basi. Yako wapi? Haikuandikwa.

"Yule nesi je?" nilimuuliza mwendesha mashtaka.

"Kahamishiwa Pemba. Tena hayumo kwenye orodha ya mashahidi."

"Si mumtie?"

Aliniangalia kama mwalimu anavyomuangalia mtoto aliyeuliza swali lenye majibu.

*

Siku ya ushahidi wa Bibi, waliomteremsha ni wale wale wazee wa dhumna. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, kila mmoja akashika mguu wake wa kiti, na safari nzima ya ghorofa tano wanamtania.

"Bi Mkubwa, umenenepa kwa kula bila kazi!"

"Nyie ndio mmekonda kwa kukaa bila kazi," Bibi akawajibu. "Na huyo wa nyuma aniinue sawa, mie si gunia."

Fundi bati akamwambia, "Leo tunakubeba kama sultani, kesho utubebe na wewe kwa badia."

Walikuwa wapole mno. Mmoja alivua kofia yake akampepea. Wote wanne walikuwa barazani siku ya ajali, hatua kumi na tano kutoka kwenye seredani, nyuso zao zinatazama barabara. Na wote wanne walikuwa kwenye orodha ya mashahidi.

Kwa asiyetujua, lipo jambo kwetu linaitwa muhali. Kuona haya ni aibu yako mwenyewe. Muhali ni kumuonea mwenzako aibu, hata pale yeye hajakuonea. Huwezi kusimama ukamtaja mtoto wa jirani mbele ya hakimu, halafu jioni ukakutana na mama yake kwenye ngazi amebeba maji. Si kwamba umehongwa au unaogopa. Unaona muhali tu. Na ukishaona muhali, macho yako kwa yaliyotokea yanaanza kupata ukungu, mpaka siku unayoitwa mahakamani ukungu umekuwa wa kweli.

Mie nilizuiwa nje, kwa kuwa shahidi hamsikilizi shahidi mwenzake kabla ya zamu yake. Nilikaa kwenye benchi na sare ya skuli, maana mama aliamini hakimu ataniheshimu nikiwa na sare. Baada ya muda mama akatoka, uso umemvimba.

"Kaulizwa na yule wakili wao ameungua wapi."

"Kasema?"

"Kanyamaza. Hakimu kamuuliza tena, kwa upole. Kasema, 'Nimeungua, mwanangu, inatosha.' Wanaume wamejaa mle ndani, na mashemeji zetu wamo."

"Si wangewatoa?"

"Nani awatoe? Hakuna aliyeomba." Mama akanishika mkono, akanibana. "Na wewe usiseme. Bibi yako hakusema, na wewe usiseme. Umesikia?"

"Naam."

Niliitwa. Bibi alikuwa ameachwa mle mle ndani kwenye kiti chake cha plastiki, pembeni, kwa sababu kumtoa kulikuwa na kazi. Nikaapishwa kwa Msahafu. Hakimu akaniuliza kama najua maana ya kiapo, nikasema najua. Nikaeleza yote: kibao, keri, simu, utosi wa dereva. Dereva alikuwa kizimbani amevaa kanzu nyeupe, ananitazama bila ya chuki. Yeye ndiye aliyekuwa akinipa lifti mpaka skuli Mpendae mvua ikinyesha.

Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Kwa hiyo unaiambia mahakama kwamba bibi yako alikuwa katika hali gani?"

"Alikuwa amekaa."

"Unaweza kuwa na uhakika?"

Nikamuangalia Bibi. Aliniangalia na yeye, na nadhani alijua kabla yangu, kwa sababu mkono wake ulishaanza kupanda kwenye ukingo wa buibui.

"Ninao," nikasema. "Ameungua mapaja yote mawili kwa juu, na tumbo mpaka karibu na kitovu. Mimi ndiye ninayempaka mafuta kila siku. Chini ya magoti hakuungua hata kidogo. Mtu aliyesimama haungui pale."

Karani aliinua kalamu, akaiteremsha, halafu akaandika. Bibi alishajifunika buibui uso mzima, kama maiti aliyekaa.

Ndipo akainuka wakili wa dereva, na viatu vyake.

Aliniuliza kuhusu mwezi. Itabidi nieleze. Ramadhani ya mwaka uliotangulia, siku ya ishirini na tisa, niliingia ofisi ya mwalimu mkuu akiwa chooni, nikakamata kipaza sauti, na kwa sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake, nikatangaza kwamba mwezi umeonekana, kesho Idi, wanafunzi wote waende nyumbani. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mwezi wa saa tano asubuhi! Na skuli nzima ikatoka. Mwalimu wa hesabu alipatikana Darajani ananunulia watoto wake viatu. Sijawahi kufanya kitu kizuri zaidi katika maisha yangu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Wakili alikuwa na barua ya onyo ya skuli mkononi. Nani alimpa, sijui. Unguja ni ndogo. Akaomba ipokewe kuwa kielelezo, na ikapokewa, ikagongwa muhuri. Karai la Bibi lilikataliwa kwa sababu halikuwa tena katika hali ya siku ya tukio. Barua yangu ilikuwa katika hali nzuri sana.

"Ni wewe uliyetangaza?"

"Ni mie."

"Na mwalimu mkuu alipokuuliza, ulisemaje?"

"Nilisema si mie."

"Soma hapa. Ulisema tu, au uliapa?"

Kulikuwa na kicheko huko nyuma, kicheko kizuri cha watu wanaokupenda. Hata karani alikuwa anacheka.

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Mwenyezi Mungu."

"Na ilikuwa uwongo."

"Ilikuwa mzaha."

"Ahsante," akasema, akakaa, na viatu vikanyamaza.

*

Wazee wa dhumna walifuata, mmoja mmoja. Sasa mie nilikuwa nimeruhusiwa kukaa ndani, na niliwasikiliza wote. Watu hawa wanajua ni nani kanunua changu na nani kanunua dagaa, na nani karudi saa ngapi na kanga ya rangi gani. Wa kwanza alisema alikuwa ameinamia dhumna. Wa pili alisema alikuwa ameinamia dhumna. Wa tatu alisema zamu ilikuwa yake, kwa hiyo alikuwa ameinama sana. Hakimu akamuuliza fundi bati, aliyekuwa wa nne:

"Na wewe, mzee wangu?"

"Mheshimiwa, mie nilisikia kishindo."

"Kabla ya kishindo uliona nini?"

"Mbili-sita," fundi bati akasema. "Nilikuwa nayo mkononi, natafuta pa kuiweka."

Baada ya hapo walimbeba Bibi wakamrudisha ghorofa ya tano. Safari hii hawakumtania. Mmoja wao, kwenye ngazi ya tatu, alinambia pembeni, "Lakini wewe mtoto! Mambo ya ndani ya bibi yako, unayatoa mbele ya watu?" Nikamwambia, "Sasa wewe si ulikuwa umeinamia dhumna, umesikiaje?" Mama akanipiga kibao cha mdomo pale pale.

Bibi hakunisemesha. Asubuhi yake niliingia na kikopo cha mafuta ya nazi, akageukia ukutani akasema atajipaka mwenyewe. Hawezi. Hafiki vizuri, mgongo hauinami, na tumbo likimvuta anatoa mlio mdogo puani. Nilikuwa nikiusikia huo mlio kutoka nje ya pazia, halafu nakwenda skuli kuwachekesha watu. Mama alijaribu mara mbili, akakataliwa; Bibi alimwambia amezaa kipaza sauti.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Daktari alikuwa bado hajaja. Nilijiambia: mie ni muongo wa mwezi, sawa, lakini daktari ni daktari. Atasimama na koti lake, atasema, na Bibi atapata karatasi yake, na akishapata karatasi atanisamehe.

Kesi ilipoitwa tena, trafiki alikuja kwanza, na ramani yake kubwa nzuri iliyopigwa rula. Katika ramani, keri iko barabarani, na Bibi ni msalaba mdogo, nao uko barabarani.

"Ulijuaje mgonjwa alikuwa pale penye msalaba?" mwendesha mashtaka akamuuliza. Nadhani ndilo swali lake zuri kuliko yote.

"Kwa maelezo niliyopewa kwenye eneo."

"Na nani?"

"Na waliokuwepo."

"Ulikuta alama yoyote?"

"Eneo lilikuwa limeshafanyiwa usafi, Mheshimiwa. Usafi wa hali ya juu."

Hata hakimu alitabasamu. Kielelezo kingine kikapokewa: nguo za Bibi. Karani alizikunjua. Zilikuwa nyeupe pale palipotakiwa kuwa nyeupe, na harufu ya udi ikaenea mpaka kwenye viti vya nyuma.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, mkweli. Ndiyo maana namlaumu zaidi. Alieleza mfupa kwa dakika nyingi na kila mtu akatikisa kichwa. Aliulizwa kama mfupa ule ungeweza kuvunjika vile mtu akiwa amesimama. Akasema inawezekana. Akiwa amekaa? Inawezekana. Nikafikiri, kumbe utaalamu ndio huu, basi na mie nimefaulu.

Halafu wakili akainuka. "Daktari, mahakama imeelezwa habari ya kuungua mapajani na tumboni. Uliyaona majeraha hayo?"

"Sikuyaona. Mgonjwa hakuridhia nimfunue."

"Katika fomu yako umeandika mahali yalipo?"

"Sikuandika."

"Kwa hiyo, wewe kama mtaalamu, unaweza kuithibitishia mahakama kwamba yapo pale alipopataja mtoto yule?"

Daktari alinitazama. Niliona anataka kusema kitu. Mtu anaweza kuingia kwenye gari, akafika Michenzani, akapanda ngazi na daktari wa kike, akatazama, akarudi, na chai ya hakimu bado ya moto.

"Siwezi," akasema.

Mwendesha mashtaka alikuwa anatafuta karatasi nyingine kwenye faili la kesi nyingine.

*

Hukumu ilisomwa siku ya mtihani wangu wa bailojia, nikaukosa. Hakimu alisoma vizuri, kwa sauti ya chini. Kuhusu mimi alisema kwamba ushahidi wa mtoto yule, pamoja na kasoro katika uaminifu wake, haukuungwa mkono na ushahidi wa kitaalamu. Kuhusu Bibi alisema mahakama inampa pole, lakini haikuweza kujiridhisha alikuwa katika hali gani wakati wa tukio. Upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha kosa pasi na shaka. Mshitakiwa yuko huru.

Dereva alisujudu pale pale. Watu wakampa mkono. Alikuja mpaka tulipokaa, akambusu mama mkono, akasema, "Shikamoo," na mama, kwa mazoea tu, akasema, "Marahaba."

Nilimwambia Bibi mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikamwambia bila ya kuiga sauti ya mtu yeyote. Alikuwa ameangalia dirishani. Akauliza mara moja tu:

"Wameandika nimekaa?"

"Hawakuandika."

"Wameandika nini?"

"Kwamba hawakujua."

Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Basi umenivua nguo bure."

Kesho yake asubuhi alipanda mama yake dereva. Alileta sinia ya biriani iliyofunikwa kawa, akaiweka chini, akapiga magoti mbele ya kitanda, akalia, akaomba radhi, ya mwanawe na yake mwenyewe. Bibi akamshika kichwa. "Yashapita, mwenzangu. Inuka, magoti yako mabovu." Walilia pamoja, kama ndugu, na mie nikiwa ukumbini nimeshika kikopo cha mafuta ambacho nilikuwa nakibeba kila asubuhi kwa ukaidi tu.

"Wewe," Bibi akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi.

"Naam, Bibi."

"Mpe huyo hayo mafuta. Atanipaka yeye. Wewe mdomo wako hauna mlango."

Nikampa. Pazia likafungwa. Nilisikia kanga inafunuliwa.

"Yallah," sauti ya mama yake dereva ikasema. "Mapaja yote?"

"Na tumbo."

"Hapa chini hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Kumbe ulikuwa umekaa," akasema.

"Nlikuwa nimekaa," Bibi akajibu.

Basi. Hapakuwa na karani. Nilisikia mikono inaanza kusinga, na Bibi hakutoa ule mlio wake hata mara moja.

Alipotoka, alinikuta nimesimama pale pale. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinirudishia kikopo, akanishika bega, akanong'ona, "Mwanangu, haya ya humo ndani yabakie humo ndani."

"Utamwambia mwanao?" nikamuuliza.

Aliangalia viatu vyake mlangoni. Akavaa kimoja, kisha cha pili, polepole, akishikilia ukuta. Chini honi ya keri ikalia mara mbili, fupi, kwa adabu. Mwanawe alikuwa anamngoja ampeleke sokoni. Akashuka.